Siku Saba za Milima na Swali Moja la Mama Mkwe

Nilikwenda Songwe na Mbeya nikidhani naenda likizo. Kumbe mwenzangu alikuwa na ajenda yake mfukoni. Hii ndiyo wiki tuliyotembea, tukagombana, tukapoteana na kupatana, mguu kwa mguu.

Hivi, ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzako mlizungumza saa nzima bila simu, bila televisheni na bila mtoto wa jirani kugonga mlango? Usijibu haraka. Mimi nilipojiuliza swali hilo, jibu lilinitia aibu.

Tumeoana miaka sita. Yeye ni mhasibu, anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi foleni. Mimi ni mhariri, na wiki ya kufunga gazeti narudi usiku mwenzangu ameshalala. Maongezi yetu yamebaki ya luku, gesi na nani anapitia sokoni. Kwa hiyo Julai mwaka jana aliposema, "Safari hii tusiende Zanzibar, twende nyumbani tukapande milima," moyo ukanidunda kama msichana. Nikaona mume wangu bado yumo.

Msomaji wangu, mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Milima ya Usambara nimeitazama maisha yangu yote, tena kwa mbali, kupitia dirisha la basi. Lakini mapenzi ni mapenzi. Nikanunua viatu, nikafunga begi.

"Mnahamia lini?"

Nyumbani kwake ni Hasamba, pale Vwawa, wilaya ya Mbozi. Ni mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Watu wengi wanaijua barabara hiyo kwa jina la Tunduma tu: malori, mpaka wa Zambia, biashara usiku na mchana. Wakifika Vwawa wengi wanakuwa wamelala kwenye siti. Sisi tulishukia uwanja wa ndege wa Songwe, tukachukua gari kuelekea magharibi, na jua likizama tukawa kwa Mama.

Usiku ule nilikuwa jikoni namsaidia kupakua. Kuku wa kienyeji, wali wa Kyela, maharage. Baridi ya Julai, mimi nimejifunga kanga mbili juu ya sweta. Mama akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Mwanangu, mnahamia lini?"

"Kuhamia wapi, Mama?"

"Hapa. Mwenzio si alikwambia?"

Nilibaki na upawa mkononi. Mama alinitazama, akaelewa, akafunika sufuria. "Basi," akasema, "tule kwanza."

Kumbe baba mkwe alipofariki, miaka miwili nyuma, mwanawe wa pekee wa kiume alimwahidi mama yake kwamba atarudi kusimamia ekari tatu za kahawa. Alimwahidi mama. Shangazi zake wanajua. Hata jirani anayekuja kuazima jembe anajua. Aliyekuwa hajui ni mimi, mke.

Sasa niambie, utagombana wapi? Kwa mama mkwe hupandishi sauti. Chumbani ukuta ni mmoja na chumba chake. Nikalala nimempa mtu mgongo, na asubuhi mwongozaji akabisha hodi. Malipo ya nusu alishapewa. Tukaondoka.

Wa polepole akae mbele

Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, amevaa mabuti ya mpira na koti la suti lililochoka. Sote tulimwita Mwalimu. Kabla ya hatua ya kwanza alitusomesha sheria zake tatu. Ya kwanza: mwenye mwendo wa polepole anakaa mbele, kila mtu anafuata mwendo wake. Ya pili: ukipoteza njia usitembee, kaa ulipo. Ya tatu: kugeuza ni uamuzi wake yeye, na hauna rufaa.

Akatutazama mmoja mmoja. "Nani wa polepole?" Mume wangu akaninyooshea kidole. Nilitamani kumrushia chupa ya maji.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupasha miguu, tukazunguka Hasamba na vilima vya jirani. Ni nchi ya Wanyiha, tambarare ya juu yenye mawimbi. Hakuna mahali pa kutisha, ila hujamaliza kushuka unaanza kupanda. Kahawa ilikuwa inachumwa. Nilikuwa nadhani unavuna shamba mara moja, ukamaliza. Kumbe tunda la kahawa halisubiriani na mwenzake: kwenye tawi moja utakuta jekundu, la njano na la kijani. Mchumaji anachukua lililoiva, anaacha mengine, anarudi tena baadaye, na tena. Ukichuma kwa pupa umeharibu kikombe.

Mume wangu alikuwa anaeleza yote haya huku macho yanang'aa. Miaka sita sijamwona akieleza mahesabu ya ofisini kwa macho yale. Hilo nililiona, lakini sikumwambia. Nilikuwa bado nimenuna.

Jiwe lililoanguka kutoka juu

Siku ya pili tulikwenda Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kukiona Kimondo cha Mbozi. Nakiri nilitegemea jiwe la kawaida. Ni dude, jamani! Lina urefu wa zaidi ya mita tatu, jeusi lenye kutu, na linalia kama kengele ya shule ukiligonga. Uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Sehemu kubwa, kama asilimia 90, ni chuma, na kinachobaki kingi ni nikeli. Lilianguka zamani mno, hata shimo lake halionekani tena.

Vitabu vinasema liligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Mwalimu akatabasamu. "Waliokuwa wanaishi hapa walikuwa wanalijua. Walikuwa hawajaulizwa tu."

Maneno yale yalinikaa. Nami nimeolewa kwenye nyumba hii miaka sita, nimekuja mara nne: harusi, msiba na Krismasi mbili. Kila mara siku tatu, nyingi nikiwa jikoni. Naijua Hasamba kama Nott alivyolijua jiwe, kwa tarehe. Lakini na mimi pia nilikuwa sijaulizwa, na hapo ndipo hasira iliporudi.

Siku ya tatu tulihamia Mbeya mjini kwa Kosta na kupanda mlima wa Loleza, ule unaouinamia mji, ambao kilele chake kina mita 2,656. Sitakudanganya, sikumbuki mengi. Nakumbuka kupumua. Nakumbuka malengelenge kwenye kisigino cha kulia. Nakumbuka mume wangu akinipa plasta bila neno, na mimi nikiipokea bila neno.

Ngozi: tuligombana kwa ustaarabu

Ziwa Ngozi liko kwenye milima ya Uporoto, kati ya Mbeya na Tukuyu. Ukiacha lami unatembea kwenye mashamba ya viazi, kisha unaingia msitu mnene wenye mianzi, kisha njia inasimama wima na wewe unashika mizizi kama ngazi. Halafu ghafla miti inaachia, na chini yako kuna ziwa la kijani, limetulia tuli. Ni ziwa la kasoko: volkano iliporomoka ndani yake yenyewe, shimo likajaa maji. Lina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Mwalimu alitusimulia zile hadithi za wenyeji, kwamba ziwa hubadilisha rangi na kwamba Wajerumani walizamisha hazina yao humo. Kisha akasema anakwenda kupumzika kidogo, akakaa hatua thelathini kutoka kwetu.

"Ulikuwa uniambie lini?" nikauliza.

"Hapa."

"Hapa Ngozi?"

"Huku milimani. Nilifikiri ukishaona kwetu kulivyo, itakuwa rahisi."

"Kwa hiyo mimi ni mteja, unanitembeza nione kiwanja?"

Hapo yakatoka yote. Yeye akasema kahawa ile ndiyo iliyomsomesha, na baba yake amezikwa kwenye ardhi ile. Mimi nikasema mshahara wangu ndio unaolipa kodi ya nyumba, na hakuna jarida linalohaririwa Hasamba. Akasema siku hizi watu wanafanya kazi kwa intaneti. Nikamuuliza kama alishapima kasi ya intaneti ya kwa mama yake au na hilo alilipanga na shangazi zake. Mwalimu alijifanya kufunga kamba za viatu, ilhali mabuti ya mpira hayana kamba.

Kilichoniuma si kuhama, ni kuwa wa mwisho kujua. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Alinyamaza. Kisha akasema, "Niliogopa ungekataa." Nikamjibu, "Sasa nimekataa, na umenidanganya juu yake. Umepata vyote viwili."

Tulishuka hatuongei. Lakini, na hili ndilo nililotaka kukuambia, tulishuka pamoja. Nyumbani ningefunga mlango wa chumba, yeye angekwenda kuangalia mpira baa. Mlimani hakuna chumba cha pili. Mtu uliyemkasirikia ndiye huyo huyo anayekushika mkono kwenye tope.

Siku ya tano tulipumzisha miguu mto Kiwira. Tuliona Daraja la Mungu, tao la mwamba wa volkano lililojitengeneza lenyewe juu ya mto, na Kijungu, ambako maji yanazunguka kama uji unaochemka kwenye chungu. Mama mmoja muuza ndizi alituambia tumependeza. Tukamshukuru, "Ndaga fijo," kama Wanyakyusa wanavyosema, na kwa mara ya kwanza tangu Ngozi tukacheka kwa pamoja. Laiti angejua!

Ukungu wa Rungwe

Mlima Rungwe una mita 2,961 hivi. Ni volkano iliyolala, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Humo anaishi kipunji, nyani mrefu wa manyoya wa rangi ya kahawia ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba ni jenasi mpya kabisa, Rungwecebus, jenasi ya kwanza mpya ya nyani wa Afrika tangu 1923. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba wako 1,117 tu, na wote wako Tanzania. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja siku zote. Walidhaniwa wanasimulia hadithi. Hatukumwona. Tulisikia mlio mmoja wa ajabu juu ya miti, nusu kubweka nusu honi, na kijana wa kijiji tuliyepewa pale chini kutuonyesha njia akainua kidole: "Huyo."

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi mbele, kama kawaida. Kwenye saa tano hivi, tukiwa tumeshaingia mianzi, mume wangu akachoka kufuata visigino vyangu. Akasema anatangulia kidogo. Mwalimu akasema hapana. Yeye akajibu, "Mwalimu, mimi ni wa huku," akapita.

Dakika kumi baadaye ukungu ukashuka. Usifikirie ule wa kwenye filamu. Niliunyoosha mkono, nikaona vidole vyangu kwa shida. Mwalimu akapiga filimbi, kimya. Akapiga tena, kimya. Tukaita jina lake, mianzi ikala sauti.

Dakika thelathini na tano. Nilikuwa natazama saa, najua. Katika dakika hizo sikuwaza kodi ya nyumba wala intaneti. Niliwaza kwamba asubuhi ile aliniambia, "Umelalaje?" na mimi nikamjibu, "Kama ulivyoniacha." Niliwaza, kama hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, je?

Yule kijana ndiye aliyempata. Alikuwa amekaa kwenye gogo, mahali njia inapogawanyika, amejikunyata, simu mkononi haina mtandao. Nilipomfikia nilimpiga begani kabla ya kumkumbatia. Akasema, "Nilikumbuka sheria ya pili. Nimekaa." Halafu akasema jambo ambalo nalinukuu kwa ruhusa yake: "Mambo yote haya nimekuwa nikikwambia kichwani, kila usiku, miaka miwili. Nikajisahau kwamba wewe humo kichwani hauko."

Tulikuwa tumebakiza mwendo wa kama saa moja na nusu kufika kileleni. Sote wawili tukasema tuendelee, ukungu unaanza kuachia. Mwalimu akatazama saa, akatikisa kichwa. Sheria ya tatu. Mume wangu akaanza kubembeleza, kwamba tumetoka Dar es Salaam, kwamba kesho tunaondoka.

"Rudini mwaka mwingine," Mwalimu akasema. "Mlima hauhami."

Tulichokubaliana tukishuka

Tulishuka saa nne. Mimi mbele. Yeye nyuma yangu, na safari hii hakulalamikia mwendo. Kuna kitu kuhusu kuzungumza na mtu usiyemtazama usoni, nyote mkiangalia mahali pa kukanyaga. Hakuna wa kukunja uso, hakuna wa kuangalia simu. Ukikosa la kusema, unasema, "Angalia hapo panateleza," na mazungumzo hayafi.

Nilimuuliza maswali ya mhariri: nani, lini, kwa fedha ipi. Mama anahitaji nini hasa? Hakuwa na jibu, hakuwahi kumuuliza. Kahawa inalipa kiasi gani kwa mwaka? Hapo mhasibu akajikuna. Alikuwa na hesabu ya baba yake ya miaka mitatu kwenye daftari, hakuwahi kuijumlisha. Na yeye akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Wewe ukiwa na miaka hamsini ungependa kuamka wapi?" Nilitembea karibu nusu kilomita kabla ya kujibu. Sikusema Dar es Salaam. Sikusema Hasamba pia.

Tulipofika chini tulikuwa na makubaliano, si majibu. Ataomba likizo bila malipo msimu mmoja wa mavuno, aendeshe shamba kwa mikono yake, aone kama anachokipenda ni kahawa au ni kumbukumbu ya baba. Mimi nabaki na kazi yangu, na kila mwezi wa msimu nakwenda wiki moja na kompyuta yangu. Baada ya hapo tunakaa na daftari, sisi wawili kwanza, halafu Mama, halafu ndiyo shangazi. Anayetaka kuvunja mpango anasema kabla hajamwambia mtu mwingine. Hilo la mwisho nililiweka mimi, na halina rufaa.

Siku ya saba tulirudi Hasamba tukichechemea. Mama alikuwa uani anageuza kahawa kwenye kichanja. Nikaona bora niseme mwenyewe. Nikakaa chini, nikamweleza kwa heshima zote kwamba bado hatuhami, kwamba tutajaribu msimu mmoja, kwamba asituelewe vibaya. Moyo unanienda mbio kuliko Rungwe.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku akiokota punje mbovu na kuzitupa.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuuliza ili mje mnilinde. Niliuliza nijue mwaka huu nipande maharage kiasi gani."

Kisha akanipa upande wangu wa kichanja, na mimi nikaanza kugeuza.

Kabla hamjafunga mabegi

- Muda. Kupanda milima hii ni vizuri zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu. Baridi ni kali, bebeni sweta zito na kofia. Kama mnataka maua, ongezeni Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ila kwake nendeni wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili.
- Mwongozaji. Msiingie Ngozi wala Rungwe peke yenu. Chukueni mtu anayeijua njia, lipeni ada na vibali, na mkubaliane bei kabla ya kuondoka.
- Viatu. Vivaeni wiki tatu kabla, hata kwenda dukani. Viatu vipya mlimani ni adhabu. Plasta ziwe mfukoni, si chini ya begi.
- Mazoezi. Anzeni na vilima vidogo siku mbili tatu, kisha ndiyo mlima mkubwa. Rungwe inakula siku nzima.
- Mwendo. Wa polepole akae mbele. Anayejiona hodari na ajifunze kufuata.
- Ukungu. Filimbi kila mtu yake. Ukipotea, kaa hapo hapo.
- Ugomvi. Kama kuna jambo limekaa rohoni, msiliache nyumbani. Lipandeni nalo. Ila lisemeni wakati wa kushuka, mkiwa mmekula.